Jibu: Land Cruiser imeoza sakafu, nikate au ninunue bodi nyingine?

Jambo ndugu. Umesema Land Cruiser yako ya zamani imeoza sakafu upande wa dereva na chini ya milango, na fundi anataka ununue bodi nzima. Usitoe pesa kwanza.

Ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga shasi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, hasa karibu na springi za nyuma na pale bodi inapofungwa kwa bolti juu ya mipira. Sauti ikiwa kali, chuma ni kizima. Nyundo ikizama, shida yako si bodi tena.

Yangu hapa Goma shasi ilikuwa nzima, nikakata sakafu tu na kuweka bati la milimita 1.2. Ila nilimwacha fundi akate chini ya milango yote bila kuchomelea kwanza vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango. Bodi ikalegea, mlango wa kushoto mpaka leo naufunga kwa bega. Na kabla ya kuchomelea, fungua nyaya za betri, toa zulia lote. Langu liliwaka!

Kata mpaka ukute chuma kinachong'aa. Kubandika bati juu ya kutu ni kuificha tu. Kisha rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje, na zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo inakula mabati ya nyumba, sembuse gari.

Kuhamisha bodi nzima sijawahi, hapo waliofanya wakuambie.