Tuanze na nguruwe, ndipo tuje kwa simba

Swali lenu la wiki: kwa nini simba wa Lindi na Rufiji hushambulia watu zaidi msimu wa mavuno, na mkulima afanye nini? Kwa maoni yangu chanzo ni nguruwe pori.

Nguruwe huingia shambani usiku, hufukua muhogo na kuangusha mahindi. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei mkulima huhamia shamba, akalala kwenye dungu la miti na makuti. Simba humfuata nguruwe kwa kuwa mawindo mengine yamepungua porini, na akifika anamkuta mtu nyuma ya ukuta wa makuti. Utafiti wa mtaalamu wa simba Craig Packer na wenzake, uliotoka mwaka 2005, ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990.

Nguruwe apunguzwe, na usasi wa nyavu unafaa. Nyavu huunganishwa ukingoni mwa kichaka, upande upepo unakoelekea, wenye mikuki wakajificha nyuma yake. Waswagaji, yaani wanaowafukuza nguruwe kuelekea wavuni, huingia na mbwa kutoka upande wa pili. Ukikosea upepo, nguruwe hunusa watu na kuwageukia waswagaji, na meno ya dume hupasua mbwa. Kosa kubwa zaidi ni kuacha ukingo wa chini bila vigingi: nguruwe huchomeka pua, hunyanyua wavu, kundi zima likapita. Msianze kabla ya kumwona afisa wanyamapori wa wilaya, maana kuwinda bila kibali ni kosa. Na kwa kuwa wakazi wengi huku ni Waislamu, nyama hiyo haiwapi faida; kijiji kiwalipe wasasi posho. Tanzi za waya sizikubali kabisa. Hunasa swala, na swala wakiisha simba anazidi kusogea mashambani.

Mashamba yapakane ili walinzi wawe wachache, nao walale kwenye kibanda cha miti minene chenye mlango unaofungwa.

Muhimu kuliko yote, angalieni mwezi. Hatari hupanda mara tu baada ya mwezi mpevu. Mbalamwezi humnyima simba mawindo, kwa hiyo ana njaa, na sasa mwezi unachelewa kuchomoza, hivyo mwanzo wa usiku ni giza. Mashambulizi mengi hutokea kabla ya saa nne usiku. Siku hizo, jua likizama, hata chooni msiende mtu mmoja mmoja.