Maji nachemsha, mbona watoto bado wanaharisha?

SWALI: Habari dada, mi nakaa Mbagala, nina watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na nusu. Maji ya kunywa nachemsha kila siku na gesi yenyewe bei ndo hiyo, ila haziishi wiki mbili lazima mmoja aharishe. Jirani anasema ni meno. Nakosea wapi?
Mama Watatu

JIBU: Pole mama. Meno tuyaache, yanasingiziwa mengi, hayaleti kuhara. Kuchemsha hujakosea, yakishatokota kabisa dakika moja inatosha, usimalize mtungi bure. Sasa niambie, yakishapoa unayaweka wapi? Maana nyumba nyingi ni ndoo, juu mfuniko, juu ya mfuniko kikombe kimoja, kila mwenye kiu anachota na vidole vinaingia humo humo, huyu katoka chooni, yule katoka mchangani, basi kazi yako yote imerudi sifuri. Tafuta ndoo yenye koki, au kama hela haijakaa vizuri tia kwenye kidumu kisafi chenye mdomo mdogo, mtu amimine tu.

Halafu lile beseni la kunawa kabla ya ugali, anaanza baba, wanafuata wakubwa, mdogo anamalizia na maji yenye uchafu wa wote, kisha ndo anakula kwa mkono huo! Maji yatiririke, mmoja ashike jagi, na sabuni iwepo kabla ya kula siyo baada tu. Chooni tundika kibuyu chirizi cha kunawia mikono, yaani kidumu cha lita 5 kitoboe kitundu, funga kamba na kijiti cha kukanyagia. Sabuni itie kwenye soksi uifunge, mi ya kwangu niliiacha wazi kunguru akaondoka nayo asubuhi hiyo hiyo.

Na ukishambadilisha mdogo nepi nawa kwa sabuni, watu wanasema kinyesi cha mtoto hakina neno, kina neno sana tu.

Akiharisha tena mpe ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja siyo kikombe, aendelee kunyonya na kula, na vidonge vya zinki avimalize siku walizokuandikia hata kama kaacha kuhara siku ya pili. Ukiona choo kama maji ya mchele, macho yameingia ndani, au kalegea hataki kunywa, usisubiri kukuche, hospitali usiku huo huo na ORS mpe njiani.