Kola ya shingo kwa pingili zilizochakaa
Mmeuliza kama mama yenu, ambaye pingili (mifupa midogo) za shingo yake zimechakaa, avae kola, yaani mkanda wa kushikilia shingo, muda wote. Hapana, asivae kola kutwa kucha. Siku chache maumivu yakizidi, sawa. Akiizoea, misuli ya shingo inalegea, na ndiyo inayobeba kichwa cha kilo 4 hadi 5. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nawaona wengi waliochelewa kupona kwa sababu hiyo. Pingili zilizochakaa kwa umri hazirudi upya, lakini wengi hupata nafuu bila upasuaji, kwa mazoezi mepesi ya kila siku na mto usioinua kichwa sana.

Ila akianza kuangusha vitu, kushindwa kufunga vifungo, kuyumba akitembea au mkojo kumtoka, msisubiri hata kidogo: huenda mshipa mkuu wa fahamu umebanwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.