Je, jibu linaweza kuwa "sahihi zaidi"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Ilemela, Mwanza. Mwanafunzi wangu, katika wasilisho lake kuhusu kukokotoa nishati za vishada vidogo vya maji (molekuli chache zilizoshikana) kwa njia za kwanta, yaani hesabu za mwenendo wa elektroni, aliandika: "Njia ya pili ilitoa jibu sahihi zaidi." Mwenzangu wa Kiswahili akaifuta "zaidi", akisema jambo ama ni sahihi ama si sahihi. Nani amepatia?

Jibu: Mwalimu, "zaidi" irudishwe. Mwenzako ana hoja kwa maswali ya ndiyo au hapana, lakini penye kipimo, usahihi una ngazi. Muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, akikwambia mizani yake ni sahihi, hadai kwamba haikosei hata gramu moja. Anadai kwamba kosa lake halifiki kiasi cha kubadili bei.

Sentensi ya kijana inapungukiwa kwingine: sahihi zaidi kuliko ipi, na katika jambo gani? Chukua kishada cha molekuli mbili tu. Nishati inayozishikanisha, ikikokotolewa kana kwamba atomi zimetulia tuli, ni takriban kilokalori 5 kwa moli. Nishati ya kuzitenganisha iliyopimwa maabara ni takriban 3.2, kwa kuwa molekuli halisi hazikomi kutikisika hata kwenye baridi kali kuliko zote. Namba zote mbili ni sahihi. Anayezilinganisha bila kuhesabia mtikisiko huo ataihukumu njia nzuri kuwa imekosea.

Molekuli zikifika sita, mambo yanakuwa magumu zaidi. Zinaweza kujipanga kama mche wa pembetatu, kama kizimba (neno ambalo wafugaji wa samaki ziwani humu hawahitaji kufafanuliwa) au kama kitabu kilichofunguliwa, na tofauti za nishati kati ya maumbo hayo hazifiki kilokalori 1 kwa moli. Kosa la kilokalori 1, ambalo wanakemia kwa kawaida hulihesabu kuwa dogo, hapa linatosha kupindua mpangilio wote. Ndivyo ilivyotokea: baadhi ya njia nyepesi zinazotegemea msongamano wa elektroni zimekipa kitabu nishati ndogo kuliko mche, ilhali CCSD(T), njia inayokula muda mwingi mno wa kompyuta ambayo wengi huitumia kama kigezo, huupa mche nishati ndogo kuliko yote, yaani ndio umbo tulivu zaidi.

Kwa hiyo ningemshauri aandike: "Kwa kishada cha molekuli sita, njia ya pili ni sahihi zaidi kuliko ya kwanza, kwani imeyapanga maumbo kama CCSD(T) ilivyoyapanga." "Kuliko" inamlazimu ataje anacholinganisha nacho, "zaidi" peke yake inamruhusu anyamaze.

Na akitaka kusifu njia hiyo, aseme ina usahihi mkubwa. "Usahihi wa juu", ninaoukuta kila siku kwenye ripoti, naomba tuuache.