Kwa muuguzi mpya: mgonjwa mwenye kinga dhaifu haumwi kama wengine

Ukipangiwa wodi yenye wagonjwa waliopungukiwa kinga, anza kwa kuitilia shaka ile picha ya maambukizi uliyofundishwa darasani. Wekundu, uvimbe, usaha: hizo ni dalili za mwili unaopigana. Usaha wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni neutrofili zilizokufa, yaani chembe nyeupe za damu zinazotangulia kukabili bakteria. Asiye nazo atautoa wapi? Utakagua palipochomekwa kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ukute pasafi kabisa, kumbe bakteria wameshaingia kwenye damu. Hata eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi mwanzoni, ilhali mgonjwa ana nimonia.

Ndiyo maana homa hubeba uzito wote. Kwa anayetibiwa saratani kwa tibakemikali, mara nyingi neutrofili hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, joto la 38.3 kwa kipimo kimoja, au 38.0 linalodumu saa nzima, ni dharura. Chukua damu ya kuotesha bakteria maabara, na antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa 1 bila kungoja majibu ya maabara. Daktari wa zamu amelala? Mwamshe, hata akinuna. Parasetamoli isitangulie kipimajoto, maana utakuwa umezima king'ora kabla hakijalia. Wala usipime joto kwa njia ya haja kubwa. Mchubuko mdogo pale unatosha kupitisha bakteria.

Halafu wapo ambao hata homa hawapati, hasa wazee na wanaotumia steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe na kinga. Hao waangalie pumzi zinazokwenda mbio, presha inayoshuka, maneno yanayoanza kuchanganyika. Mgonjwa akikwambia tu, "Leo sijielewi," mimi naipa kauli hiyo uzito kuliko chati nzuri, na nampima upya palepale.

Jambo jingine, mdogo wangu: usiridhike faili likisema "kinga dhaifu." Uliza kinga ipi. Aliyeondolewa wengu anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini nimokoka, bakteria wa nimonia, ikimwingia inaweza kumuua ndani ya saa chache. Mwenye VVU ambaye CD4 zake, chembe za kinga ambazo VVU huziharibu, ziko chini ya 200 kwa mikrolita yumo hatarini kupata nimonia ya pneumosistisi, aina ya kuvu, ndiyo maana anapewa antibayotiki ya kotrimoksazoli ya kuikinga hata kama hakohoi. Anayesahaulika zaidi ni yule wa prednisoloni, mojawapo ya steroidi: miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi, zinatosha kumhesabu humu, ingawa yeye atakwambia anaumwa viungo tu. Dawa hiyo nayo haikatwi ghafla.

Chanjo za virusi hai, kama ya surua, tetekuwanga au homa ya manjano, usimchome mgonjwa yeyote wa hawa kabla daktari wake hajaamua. Ndugu zake wahimizwe kuchanja zao, na mwenye mafua asubiri nje. Glavu hazifuti kunawa mikono. Hilo utalirudia mpaka uchoke.

Na waulize kwa upole kuhusu dawa za "kuongeza kinga" zinazoletwa na jamaa. Kwa aliyepandikizwa figo, baadhi ya mitishamba hupunguza nguvu ya dawa zinazozuia mwili kulikataa figo hilo, na ukimfokea atakachofanya ni kuinywa kwa siri.