Tukirudi kutoka Moshi, nyumba inanuka choo

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na kila Desemba tunapanda Moshi kwa wazee. Nyumba inabaki imefungwa wiki nne. Juzi tulipofungua mlango, harufu ya choo ilitupokea sebuleni, na bafuni wamejaa mende wale wakubwa wekundu. Wakati kabla ya safari nilipiga deki nyumba nzima na kumwaga dawa ya kuzibulia kwenye kila sinki! Mume wangu anasema shimo limejaa, tuite gari la majitaka. Ni kweli?
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hamjalipia gari, vuta maji chooni uangalie. Yakishuka kwa kasi ya siku zote, bila kupanda wala kugugumia, shimo halina kosa. Trepu zimekauka.

Chungulia chini ya sinki la jikoni. Lile bomba lililopinda kama herufi U ndilo trepu. Maji yanayobaki humo, kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo yanayozuia hewa ya shimoni isiingie ndani, na mende pia. Mkiwepo, kila anayenawa anayaongeza. Mkiondoka, joto la Desemba linayanywa kidogo kidogo, hadi njia inabaki wazi. Dawa uliyomwaga haikuweza kulizuia hilo. Tena zile kali zinaunguza ngozi na macho, na wewe una watoto.

Sasa nenda bafu la wageni, kwenye lile tundu la sakafuni. Nikiitwa kwenye nyumba yenye malalamiko kama yako, hapo ndipo ninapopiga magoti kwanza. Sinki la jikoni linatumika mpaka dakika ya mwisho. Tundu lile huenda halijaona maji tangu shemeji alipowatembelea mwezi wa tisa, kwa hiyo mnapofunga mlango tayari limeshaanza kukauka. Mwagia jagi moja la maji leo hii, na kila bomba lifungulie kidogo. Kama ni trepu, harufu itakatika ukishafungua madirisha.

Safari ijayo, usiku wa mwisho, toa mabaki ya chakula kwenye sinki, osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Yanayochemka hapana, yanalainisha bomba za plastiki. Kisha jagi la maji kila tundu, na juu yake vijiko vinne vya mafuta. Mafuta yanaelea na kuyafunika maji yasikauke upesi. Mimi napenda mafuta ya watoto, yale ya maji, kwa sababu hayachachi. Ya alizeti nayo yatakufaa kwa wiki nne. Ya nazi acha, yakipoa yanaganda. Chooni pia weka, ufunike. Mbu wa dengue anapenda maji yaliyotulia, na Dar tumeshauguzana vya kutosha, 2014 na tena 2019. Matundu ya sakafuni yafunike kwa mfuniko wa ndoo, juu yake chupa iliyojaa maji.

Lakini ukifunika matundu, lazima ufunge maji yote kwenye geti valvu, ile koki kuu ya maji ya nyumba nzima. Hapa nakusihi sana. Niliwahi kuitwa Kijitonyama, nyumba ya watu waliosafiri siku ya mgao. Mtu alifungua koki, haikutoa kitu, akaiacha hivyo hivyo, na kitambaa cha vyombo kimeziba tundu la sinki. Maji yalirudi usiku wa pili. Jirani aliyaona asubuhi yakitoka chini ya mlango, na ndani magodoro yalikuwa yameloa, na vyeti vya watoto vilivyokuwa uvunguni mwa kitanda vimekuwa uji. Yule mama alikuwa akivitenganisha karatasi moja moja juani.

Geti valvu yako itafute karibu na mita. Izungushe wiki hii. Ikiwa imeshika kutu, usiilazimishe kwa spana, itakatika mkononi. Mwite fundi aibadilishe mapema, kwa sababu Desemba mafundi wengi nao tunapanda kwetu.