Ati riwaya ya Kiswahili ni ya mtihani?

SWALI: Habari ya kazi Anti. Huku Kondele tuko na kikundi cha kusoma vitabu, tunakutana Jumapili jioni na kila mwezi mtu mmoja anachagua riwaya. Wenzangu ni Kiingereza tu, wapelelezi, mauaji, mahaba ya Marekani, na siringi, nasoma nao na nafurahia. Sasa zamu yangu imefika nikataja Kiswahili, wakanicheka ati nawarudisha form four. Niwape gani?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Usiwakasirikie dadangu, wana sababu. Aliyefanya KCSE kati ya 2013 na 2017 alisoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na unajua venye tunasomeshwa, mwongozo mkononi, unakariri sifa za wahusika, kila ukurasa unawindwa dondoo, "eleza muktadha", alama nne. Hata pilau ukilishwa hivyo utaikimbia.

Kwa hivyo wape kitu hawajawahi kufanyia mtihani. Mimi ningechagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Ni fupi, halafu Rosa ni msichana wa Ukerewe, kisiwa kwa ziwa hili hili letu, ni vile tu kiko upande wa Tanzania, so hakuna mtu wa Kisumu ataona mgeni hapo. Babake, Zakaria, ni mlevi na anamchunga binti kwa kichapo, barua tu ya kijana inazua balaa, na Rosa akishatoka nyumbani kwenda kusoma ndio unaona ile fimbo ilimfunza nini, ama haikumfunza kitu. Tanzania walikipiga marufuku mashuleni kwa muda. Waambie hivyo halafu nyamaza, watakitafuta wenyewe. Lakini watahadharishe mapema, ndani kuna kutoa mimba na kujiua, na si kila mtu anataka kukutana na hayo Jumapili jioni.

Mkikaa, tafadhali usianze na "maudhui ni yapi", hapo umeshakuwa mwalimu. Anza kwa udaku: Zakaria na Rosa, wa kulaumiwa ni nani? Nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa hilo swali, na wa kupiga kelele zaidi ni wale walikuwa wanasema Kiswahili ni kigumu.

Wakikataa katakata, ingia na Kiingereza chao lakini cha nyumbani, Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ilitoka 1986. Paulina, msichana mdogo tu, anapanda treni Kisumu kumfuata mumewe Nairobi wakati wa ile hali ya hatari ya mkoloni, na haukai sana ameshapotea mjini. Wakishaipenda, zamu yako ikirudi unaleta Rosa bila kuomba ruhusa.

SWALI: Rafiki aliazima riwaya yangu ikarudi bila jalada na doa la mchuzi ukurasa wa katikati. Nimwazime tena?
Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Alifika ukurasa wa katikati? Basi huyo anasoma, wengi huwa wanaishia kwa picha ya jalada. Mwazime, ila za mitumba, zile za kununua kando ya barabara. Zile unazipenda sana aje azisomee kwako, na chakula abaki nacho jikoni.